Filme za aksio za wakati wa mbele zenye zilitengenezwa na makuta kidogo (feza kidogo): maswali yenye watu wa Goma wananiulizaka sana

Kila mara nikisema kama napenda hizi filme, muntu ananivuta pembeni ananiuliza kitu, na mingi maswali iko ile ile, basi nimeyakusanya hapa. Nimeandika vile tunaongeaka huku kwetu Goma, mwenye anaelewa aelewe, mwenye hataelewa neno aulize jirani.

Unasema filme zipi kabisa?

Zile za roboti, za saiborgi (nusu muntu nusu mashini), za dunia yenye imeisha na watu wanapigana juu ya petroli ao maji, zenye zinasema "mwaka 1997" ao "mwaka 2019" pale mwanzo kwa maandishi ya kijani, na ukiangalia muzuri unaona kama ile jiji ya mbeleni njo fabriki moja ya zamani yenye wameijaza moshi na taa nyekundu. Akteri anaongea kidogo, anapiga mingi. Zingine zilipitia mu masine za Ulaya na Marekani, lakini mingi sana zilikwenda moja kwa moja ku kaseti za video miaka ya 1980 na 1990, njo vile zilifika mpaka huku.

Juu ya nini watu wanazipenda halafu wanaona haya kusema?

Haya inatoka kwa watu wa kusoma. Ukiwa mu grupu ya watu wenye walisoma na mumoja anauliza unaangaliaka nini, unataja filme yenye ilipata zawadi ku Cannes, hautaji ile ya Van Damme mu magofu. Nilifanya vile miaka mingi. Lakini usiku, wakati nimetoka kazini na kichwa inauma, mukono inaenda yenyewe ku ile ya saiborgi, na sasa nikikuuliza wewe mwenyewe filme gani unaikumbuka sini kwa sini tangu ukiwa mutoto, nadhani jibu itakuwa moja ya hizi.

Mimi nazipenda juu naona mukono ya mwenye alizitengeneza. Mu filme ya milioni 200 dola hauoni muntu, unaona mashini. Mu filme ya makuta kidogo unaona kama hii ngao ya chuma ni plastiki yenye walipaka rangi, unaona kama wale mabandi ishirini ni watu sita wenye wanabadilisha makofia, na unaona wote wanaamini, hakuna mwenye anacheka, wanakupa ile dunia na nguvu yao yote. Siye huku tunajua ile kazi. Chukudu ni mbao, misumari na mpira ya gari kidogo ku magurudumu, na inabeba viazi mpaka sokoni. Muntu mwenye anakulia mu muji yenye kitu inatengenezwa hivi hawezi kuzarau filme yenye ilitengenezwa hivi.

Namna gani wanaonyesha wakati wa mbele kama hawana makuta?

Hii njo swali yenye naipenda kupita yote, nitakaa hapa kidogo.

Ya kwanza, wanavunja dunia. Kujenga jiji mupya ni bei kali, lakini kama hadithi inasema vita ilishapita na kila kitu ilibomoka, unatafuta tu fasi yenye imebomoka tayari. Mwaka 1981 John Carpenter alitoa Escape from New York, yenye Manhattan nzima imekuwa gereza na ukuta kuzunguka. New York haikuwezekana, bei na usumbufu, basi walienda St. Louis kule Missouri na East St. Louis, ngambo ya mto kule Illinois, fasi moto kubwa iliunguza mitaa mwaka 1976 na ilikuwa bado inaonekana vile. Waliomba hata wakuu wa muji wakate umeme ku mitaa kazaa usiku ili giza iwe ya kweli. Niliposoma ile nilikaa kimya. Kule wanaomba giza, siye giza tuko nayo bila kuomba.

Ya pili, wanadanganya jicho. Mu ile ile filme kuko sini yenye akteri anashuka na ndege kidogo usiku na anaangalia ku ekra ya ordinateri, jiji inaonekana kwa mistari ya kijani tu. Kila muntu aliamini kama ni ordinateri. Mu 1981 kufanya ile na ordinateri ya kweli ilikuwa bei ya kutisha, basi walichukua maketi, ile mufano kidogo ya jiji, wakaipaka nyeusi yote, wakabandika utepe wenye unang'aa ku kingo za manyumba, wakapitisha kamera juu yake polepole. Njo ile. Utepe na rangi nyeusi. Mu timu ya trukaji (njo ile kazi ya kudanganya jicho) mulikuwa kijana mumoja anaitwa James Cameron, tutamurudilia.

Ya tatu ni nguo na magari. George Miller alikuwa dokteri wa hospitali kule Australia, anapokea watu wenye waliumia mu aksida za magari, na akatengeneza Mad Max ya 1979 kwa makuta yenye haikufika nusu milioni ya dola ya kwao. Ngozi ya kweli walinunua ya akteri wakubwa tu, mapolisi wengine wote walivaa kitu yenye inafanana na ngozi. Na pale mwanzo, ile gari ndogo ya kubeba vitu yenye wanagonga wakati ya kufukuzana, ilikuwa gari ya Miller mwenyewe! Aliitoa igongwe juu hakukuwa tena makuta ya kununua ingine. Ile filme ikaingiza zaidi ya milioni 100 dola mu dunia nzima, na kwa miaka mingi hakuna filme yenye iliizidi kwa faida ukilinganisha na bei yake, mpaka 1999.

Halafu moshi, usiku, mvua, taa kutoka nyuma. Hii inafichaka kila kitu.

Kumbe Terminator nayo ilikuwa ya makuta kidogo?

Ndiyo, ile ya kwanza ya 1984. Milioni 6 na kidogo ya dola, na ukilinganisha na filme zingine za roboti za ule wakati hiyo ni kidogo kabisa. Aliitengeneza Cameron, ule kijana wa timu ya trukaji. Alikuwa Roma, mugonjwa, homa inamupiga, akaota mwili ya chuma inatoka mu moto. Njo mwanzo ya yote. Angalia muzuri utaona karibu yote inapita usiku Los Angeles, watu wanakimbia mu mabarabara na mu parkingi, wakati wa mbele wenyewe unaonekana dakika chache tu, mafuvu chini na mashini kidogo juu yake. Sehemu zingine walizipiga haraka bila ruhusa ya muji na wakaondoka. Ile chuma yenye inatembea pale mwisho ni sanamu yenye wanaisogeza kidogo wanapiga picha, wanaisogeza tena wanapiga, na kutembea kwake kama kilema inaogopesha kuliko kama ingetembea muzuri.

Leo watu wanaiheshimu, hakuna mwenye anaona haya kuitaja. Ile heshima ilikuja nyuma ya makuta.

Na Cyborg ya Van Damme? Wengine wanasema ni takataka.

Wadogo zangu, ile filme ya 1989 njo yenye iliniingiza mu hii mambo yote na nitaitetea.

Niliionaka mu sine moja ya mbao upande wa Birere hapa Goma, benchi zimejaa, watoto chini mbele karibu na televizio, kaseti imechezwa mingi mpaka picha inaruka. Jean-Claude Van Damme, Mubeleji, anatembea mu dunia yenye ugonjwa umemaliza watu, anatafuta shefu wa mabandi mwenye aliua watu wake, na kuko ile sini yenye wanamutundika ku muti ya meli kama musalaba, na mu ile sine nzima hakuna mwenye alikohoa. Grupu ya umeme ikazima mbele ya kupigana kwa mwisho. Nilingoja miaka kazaa mbele ya kujua namna iliishaka.

Sasa historia yake, nilikuja kuijua nikiwa mukubwa. Kampuni ya Cannon, yenye ilikuwa ya Menahem Golan na Yoram Globus, wote wawili watoto wa ndugu kutoka Israeli, ilikuwa imeanza kutayarisha nguo na dekori za filme ingine mbili, ya pili ya Masters of the Universe na moja ya Spider-Man. Makuta ikaisha, zile mbili zikafa. Vitu viko pale, vimeshalipiwa. Albert Pyun, mwenye alikuwa atazipiga, akaandika hadithi ingine haraka yenye inaweza kuingia mu zile nguo na zile dekori, wakaipiga kule Wilmington mu North Carolina, na bei wanasema haikufika nusu milioni ya dola. Kwa hiyo ukiona vyuma ao nguo zenye hazifanane na zingine, sasa unajua, ni mabaki ya dunia ingine. Na mu hadithi yenyewe watu wanaishi na mabaki! Vitu viwili vikakutana.

Pyun aliendelea vile maisha yake yote, alitoa Nemesis mwaka 1992 na Olivier Gruner, Mufaransa wa kupiga mateke, na akaaga dunia mwaka 2022. Hakupataka makuta ya kutosha hata mara moja, na hakuacha.

Wanasema Waitaliano na Wafilipino walikopi tu. Ni kweli?

Walikopi, ndiyo. Mad Max ya pili ilipotoka 1981 na Escape from New York mwaka ule ule, Italia ilijaa: Enzo Castellari na 1990: The Bronx Warriors mu 1982, Sergio Martino na 2019: After the Fall of New York mu 1983, zingine tena. Ufilipino, Cirio Santiago akatoa Stryker mu 1983, watu wanapigania maji mu jangwa. Lakini kukopi nayo ina ufundi. Mwenye anakopi bila makuta analazimika kubuni, juu hawezi kufanya sawa na ya kwanza, na mule mu kubuni njo munatoka vitu vyenye hauoni fasi ingine. Magari yenye wamefunika mabati, mapikipiki na mafuvu mbele. Waangalie ma-motari wetu vile wanapamba pikipiki zao halafu uniambie kama ile roho ni ya kigeni.

Mwaka wenye walitaja umeshapita. Bado inafaa kuangalia?

Inafaa sana. Death Race 2000, yenye Roger Corman alitoa mu 1975 na Sylvester Stallone yuko ndani mbele ya kuwa Stallone, ilisema mwaka 2000 watu watashindana na magari kwa kugonga wapita njia. Escape from New York ilisema 1997. Mwaka ule 1997, siye hapa nchi ilibadilisha jina, Zaire ikawa Kongo, na hakuna filme yenye iliwaza ile.

Roboti ya kweli ilipofika kwetu haikuwa ya kuua mutu. Mu 2013 Kinshasa iliweka maroboti ya kuongoza magari ku barabara, yenye enjiniya Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walitengeneza hapa hapa Kongo, yanakula jua na yanageuza mikono kama polisi wa rula. Niliona picha na nikafikiri mara moja, huyu angefaa kucheza mu filme ya Pyun, vile amesimama pale juu na kifua yenye inageuka.

Siye tumesikia masasi ya kweli. Namna gani unafurahia masasi ya filme?

Mama mumoja jirani aliniuliza hii, na hakuwa anacheza, nitajibu vile nilimujibu.

Mama, masasi ya kweli haina mwanzo wala mwisho. Unaisikia, haujui nani anapiga, haujui itaisha saa ngapi, haujui kama kesho utaamkia mu nyumba yako. Mu hizi filme unajua. Dakika ya kumi akteri anapoteza watu wake, dakika ya makumi nane shefu wa mabandi anaanguka kutoka juu ya kitu kirefu. Kati kati unaogopa, lakini ni woga yenye ina mupaka, na wakati inaisha mwili inapumua. Siseme inaponyesha muntu. Nasema mimi nimelala usingizi mingi juu ya hizi filme, na mu usiku zingine njo kitu pekee yenye ilinilaza.

Na kuko kitu ingine. Wenye wanaandika hizi hadithi mu muji yenye haijaungua wanawaza nyuma ya moto kutakuwa jangwa na watu wanakulana. Siye mu Januari 2002 tuliona moto ya volkano Nyiragongo inashuka kati kati ya muji, inakula manyumba, inakula katedrali, inafunika sehemu ya kiwanja ya ndege, na kabla mawe haijapoa muzuri watu walikuwa wamesharudia, wanaweka mbao juu ya makoro (yale mawe ya volkano), wanauza sabuni na unga. Mayi 2021 tena volkano, tena watu walirudia. Kwa hiyo nikiangalia Mad Max naona kitu yenye ilikosekana mule: mama mwenye anauza. Nyuma ya mwisho ya dunia, kitu ya kwanza kuamuka ni soko.

Kama mu nyumba yako kuko muntu mwenye anashtuka na zile kelele, zima. Ao vaa ekuta ku masikio. Hapo hakuna kubishana.

Mutoto anaweza kuangalia?

Nyingi hapana. Damu mingi, na zingine zina mambo ya uchi. Angalia wewe kwanza.

Juu ya nini filme hizi ziko tamu zaidi na mutafsiri?

Mutafsiri ni ule mwenye anaongea juu ya filme mu luga ya watu wakati inapita. Juu maneno ndani ni kidogo, kuko nafasi ya muntu kuongea. Kenya kuko DJ Afro, Uganda kuko VJ Jingo mu Kiganda, Tanzania walikuwa na Lufufu, na huku tulizisikilizaka zote zenye zilivuka mipaka, hata za Kinyarwanda kutoka ngambo. Mutafsiri muzuri hatafsiri neno kwa neno, anampa saiborgi jina ya kartye, anakuambia huyu mwenye miwani alidanganya mwenzake juu ya deni, na unaamini. Roboti yenye haisemi kitu inapata roho. Wengine wanasema hiyo inaharibu filme. Mimi naona filme ya makuta mingi njo yenye inaharibika, juu imejaa kelele zake, hamna fasi ya kuingia, lakini hii ingine inakupokea.

Filme ya makuta kidogo na filme mbaya, tofauti ni nini?

Filme mbaya ni yenye mwenye aliitengeneza hakujali. Kuko kampuni Marekani, The Asylum, mu 2007 walitoa Transmorphers mwaka ule ule wenye Transformers ilitoka, jina karibu moja, ili muntu akosee ku duka. Niliiangalia nikaona watu wenye wanangoja mushahara. Sikuona mwenye alitoa gari yake igongwe. Iko na trukaji ya ordinateri mingi kuliko Cyborg, na haina hata sini moja yenye inabaki mu kichwa.

Na makuta kidogo haimaanishe mawazo kidogo. They Live ya Carpenter, 1988, kijana wa kazi za mikono anavaa miwani na anaona wenye wanatawala dunia si watu, na mu ile filme kuko wanaume wawili wanapigana zaidi ya dakika tano juu mumoja hataki kuvaa ile miwani. Akteri, Roddy Piper, alikuwa mutu wa katshi (mieleka). Watu wenye wanapenda katshi ya Kinshasa wataelewa mara moja vile wanaangushana.

Afrika kuko?

Kuko, na mingi hawajue. Kampala, mu kartye ya Wakaliga, Isaac Nabwana, mwenye alikuwaka anafyatua matofali, alitoa Who Killed Captain Alex? mu 2010, na mwenyewe alisema bei haikufika dola 200. Si ya wakati wa mbele, ni ya makomando, lakini helikopta na moto alizichora mu ordinateri yenye alijiunganishia mwenyewe, bunduki ni vyuma vya mabaki, na mutafsiri wao VJ Emmie anaongea ndani ya filme yenyewe. Dunia nzima iliiangalia.

Kameruni, Jean-Pierre Bekolo alitoa Les Saignantes mu 2005, hadithi inapita mu 2025, ni ya ajabu na si aksio tupu. Kenya, Wanuri Kahiu na Pumzi ya 2009, dakika ishirini na kidogo, dunia bila maji. Halafu Neptune Frost ya 2021, walipiga Rwanda, ni ya kuimba, na inaanza na wachimbaji wa koltani, ile madini ya kutengeneza vyombo kama telefone. Ile ilinigusa fasi ingine, juu koltani inatoka pia hapa Masisi, Rubaya, na vyombo vya wakati wa mbele mu kila filme vingeomba udongo wetu ili viwake.

Nianze na ipi?

Kama haujaona hata moja: Mad Max ya 1979, halafu Escape from New York, halafu Terminator ya kwanza, halafu Cyborg. Kwa hiyo mupangilio, usiruke. Angalia usiku, mukiwa watatu ao wane, usiangalie peke yako ku telefone kama unaweza, na usianze kubishana juu ya trukaji mbele ya nusu saa. Za Kiitaliano weka nyuma, zinaomba jicho yenye imeshazoea.

Tunaweza kutengeneza moja hapa Goma?

Vijana wananiuliza hii kuliko zingine zote, na jibu yangu ni ndiyo. Filme na video hapa watu wanajifunza tangu zamani, Yole!Africa, ile nyumba ya utamaduni hapa Goma, imepitisha vijana wengi. Telefone yenye uko nayo inapiga picha safi kuliko kamera yenye Nabwana alianza nayo. Dekori iko pale: makoro nyeusi mpaka fasi jicho inafika, nyuma yake mulima inatoa mwanga mwekundu usiku, St. Louis hawakuwa na hiyo. Mafundi wa kuchomea chuma wako kila kona.

Kenye kinakosekana ni hadithi, na mwangalizi wa usalama, na kuomba ruhusa kwa majirani na wakubwa wa kartye mbele ya kutoa bunduki ya mbao inje, hiyo ni lazima kabisa, hapa muntu akiona silaha kutoka mbali hataulize kama ni ya filme. Mupige muchana, mutie giza nyuma mu ordinateri. Mimi nina wazo moja tayari: mwaka 2060, petroli imeisha dunia nzima, mapikipiki yote yamekufa, na mwenye bado anaweza kubeba dawa kutoka Sake mpaka Goma ni musukuma chukudu mumoja, mukono moja ya chuma, haongei mingi. Mwenye anajua kuchomea na ana chukudu ya zamani, aje tuongee.